Kesho Mlangoni Usiniite Mama

Nyathina,

Mwanangu, uko kwa Mama Quinter unasukwa, na kila akikuvuta nywele nasikia unapiga kelele, halafu nyote wawili mnacheka. Nyumba hizi za Kaloleni zilijengwa zikiwa zimeshikana mgongo, kwa hiyo kicheko chako kinanifikia hapa kama uko chumba cha pili. Nimekaa kitandani kwako. Begi lako liko miguuni pangu. Nataka kumaliza kuandika kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi utaniangalia, na wewe ukiniangalia maneno yangu huwa yanarudi tumboni.

Najua utacheka ukiona nimeanza hivi. Lakini nani mwingine nimwite mwanangu? Mimi ndiye Awino. Mama yako mzazi alikuwa Awino, alikufa kabla sijazaliwa, na mimi nilipozaliwa nikalia mpaka mkunga akachoka. Umenisimulia mara nyingi: wakataja majina ya wafu wa ukoo, moja moja, nikaendelea kulia, na lilipotajwa jina lake nikanyamaza nikanyonya. Tangu hapo unaniita Mama. Nami nilipojifunza kusema nikaanza kukuita nyathina, mtoto wangu, na kila mtu kwetu akaona ni sawa kabisa. Wa kushangaa alikuwa mwalimu wangu wa darasa la kwanza tu, yule ambaye hakuwa Mjaluo. Alikusikia langoni ukiuliza, "Mama, umekula?" na mimi nikijibu, "Nimekula, nyathina." Akatuangalia wote wawili, akasema, "Sasa hapa ni nani amemleta nani shule?"

Basi kesho ni wewe unayeondoka nyumbani na mimi ninayebaki. Mzazi humwandikia mtoto anayeondoka. Nimechukua zamu yangu.

Sitakuambia ubebe sweta, liko juu kabisa. Sitakuambia habari za chaja, za dawa ya presha, wala za kutolala kwenye basi ukiwa umefumbata pochi mbele ya watu. Hayo tumeyasema wiki nzima. Nafikiri tuliyasema sana ili tusiseme lile lingine.

Jana jioni ulikuwa unakunja leso, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, niende?"

Nikasema maji yanachemka, nikaenda jikoni. Maji hayakuwa hata motoni. Nilisimama pale nimeshika sufuria tupu mpaka nikasikia umefunga zipu ya begi. Barua hii ndiyo jibu. Imechelewa kidogo.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza kitanifanya nisikike kama daktari, na Dholuo kitaniliza. Kiswahili ndicho unachouzia sokoni Kibuye, unakisoma vizuri, na kinanipa nafasi ya kupumua.

Uliniambia habari za Dani, bibi yangu, mama yako huyo, mara moja tu, siku tulipokwenda Luanda Kotieno kufyeka kaburi lake. Tulikuwa tumechoka, tumekaa chini, feri ya Mbita inapiga honi kule chini ziwani, na wewe ukaanza kusema kama mtu anayeongea na jembe. Ulisema Dani alikuwa anakaanga samaki pale ufuoni, anawauzia watu wanaosubiri feri. Ulisema mwishoni alianza kuoga peke yake, nyuma ya nyumba, na hakutaka hata nyinyi wasichana wake mumpelekee maji. Mkadhani ni aibu ya uzeeni. Alijifunga kitambaa kifuani, chini ya gauni, kimekaza. Na kulikuwa na harufu.

"Tukimuuliza," ulisema, "anasema ni samaki. Sasa utabisha nini? Mtu anauza samaki tangu ufumbue macho, akuambie ni samaki, umwambie sio samaki?"

Siku alipoanguka ndipo mlipofungua kile kitambaa. Mlimleta Kisumu, na hospitali wakawaambia mrudi naye nyumbani mkae naye vizuri. Hakukaa sana.

Pale nyumbani mpaka leo watu wakinitambulisha kwa wageni husema, huyu amepewa jina la Awino, yule aliyeugua kidogo tu akaenda. Kidogo tu. Kila nikisikia hivyo nataka kusema kitu, na unanijua, sisemi. Dani hakuugua kidogo. Aliugua muda mrefu akiwa peke yake. Watu walianza kuhesabu siku walipojua wao.

Kumbuka hilo la kuhesabu, nitalirudia.

Sasa nije kwa kosa langu.

Ilikuwa Jumamosi, Kibuye imejaa, nimekuja kukusaidia kupanga sidiria. Unajua napenda kukuangalia ukiuza ingawa huwa nainamisha kichwa. Mwanamke anapita tu na mtoto mgongoni, wewe unamwita, "Mama, kuja! Hiyo uliyovaa inakuua mabega! Wewe ni thelathini na nane, si thelathini na nne, nani alikudanganya?" Naye anarudi, anacheka, ananunua. Hujawahi kutumia tepu. Unapima kwa jicho.

Siku hiyo kanisani walikuwa wametangaza kwamba hospitali inawapiga wanawake picha za matiti, wale wa umri wako, hata kama hawahisi chochote. Hasa kama hawahisi chochote. Mama Quinter akalileta pale kwenye meza yake ya soksi.

"Mimi naenda Jumanne. Wewe Mama Awino?"

"Sina uvimbe, sina maumivu. Mtu mzima anakwenda kutafuta ugonjwa aupeleke wapi?"

"Ebu muone! Unauza nguo ya matiti, halafu yako unaogopa yaonwe!"

"Yangu yalionwa na marehemu baba Awino. Yeye alitosha."

Wakacheka mpaka yule anayeuza mapazia. Mimi pia nilicheka, ndani ya sidiria niliyokuwa naikunja. Halafu Mama Quinter akanigeukia, akanionyesha kwa soksi.

"Si mama yako huyu hapa? Muulize! Akisema uende utamkatalia mamako?"

Mngeweza kuliacha lipite, lilikuwa mzaha. Lakini wewe uliniangalia, ukaniuliza kwa kicheko, "Haya Mama, unasemaje?" Na mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali ninalolijua najifanya sijui ili watu wasigeuke, niliinua kichwa. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua:

"Nyathina, mimi nilijificha. Wewe usijifiche. Nenda upimwe."

Hakuna aliyecheka. Mama Quinter alishusha soksi. Wewe uliziweka chini zile sidiria polepole, moja juu ya nyingine, kama vyombo vya kuvunjika, na ukasema, "Sawa, Mama." Jumanne mkaenda.

Nataka ujue nilihisi nini pale, kwa sababu sijamwambia mtu. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikuwa ya kwamba utapimwa. Nilifurahi kwamba nimetii… hapana, nimetiiwa. Nilitembea Kibuye yote jioni ile nikihisi mrefu. Nilikuwa nimesema kitu mbele ya watu na dunia ikasogea.

Ulirudi kutoka hospitali umechangamka. "Wamelilaza kama chapati," uliniambia, ukinionyesha kwa viganja viwili. "Baridi! Halafu yule msichana ananiambia nisipumue. Nani anapumua hapo?" Tulicheka. Tukala. Halafu wakapiga simu kwamba urudi, nasi tukarudi pamoja, na hatujacheka vile tena.

Ulikuwepo, lakini acha niseme tena yaliyosemwa, kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa daktari. Alituonyesha picha. Titi lako lilikuwa kama wingu, na pembeni nukta nyeupe ndogo, kama mtu amemwaga chumvi kidogo akasahau kupangusa. Wakachukua kipande kwa sindano. Tuliporudi kwa majibu akasema ni kansa, ila bado imelala ndani ya mfereji wa maziwa, haijatoka nje. Wakikata sehemu hiyo huko Nairobi, kisha ukae huko majuma kadhaa ukichomwa na ile mionzi, kuna matumaini makubwa. Alisema Kiingereza, nikakugeuzia Dholuo, na nilikuambia yote. Hata ile sentensi ya mwisho, ambayo nilitaka sana kuimeza: kwamba wengine huwa na kitu kama hiki na hakitoki kamwe.

Wewe uliuliza, "Changu kitatoka?"

Akasema, "Mama, sijui. Hatuna jicho la kuona hilo."

Ukanigeukia. "Umesikia, Mama. Wewe utaniambia la kufanya."

Ulipokwenda msalani nilibaki naye. Alikuwa anakula njugu kutoka kwenye karatasi, macho yamechoka. Niliuliza haraka kabla aibu haijanikamata. Nilimuuliza, "Daktari, nimemsaidia au nimemharibia? Maana alikuwa mzima. Mimi ndiye nilimwambia aje."

Hakunipa jibu la kunituliza, na kwa hilo nilimpenda. Akasema, "Wapo ambao picha hii imewaongezea miaka. Hao ni wa kweli, nimewaona. Wapo ambao imewaongezea muda wa kujua tu: wangekufa siku ileile, ila sisi tumeanza kuhesabu mapema, halafu tunasema wameishi sana. Na wapo ambao kitu chao kingelala hapo mpaka wazeeke wafe na mengine, sisi tukawakata bure. Nikiwaweka wote watatu kwenye benchi hapo nje, siwezi kukuonyesha yupi ni yupi."

"Sasa unafanyaje?"

"Kuna wa nne. Yule anayekuja akiwa amejifunga kitambaa. Huyo namtambua kutoka mlangoni, na huwa sina cha kumpa." Akakunja ile karatasi ya njugu. "Kwa hivyo nawatuma hao watatu wote wakatibiwe."

Hajui kitu kuhusu Dani. Sikumwambia. Alisema tu kitambaa, na mimi nikatoka nje nikashika ukuta.

Tangu siku hiyo, nyathina, wewe umehama ukiwa bado hapa. Unalala umegeukia ukutani. Kibuye husikiki, wiki iliyopita kuna kastama wako wa zamani alikuja akasimama akingoja umtukane mabega kama kawaida, ukamwambia tu, "Chagua, mama." Akaniuliza mimi kwa macho kuna nini. Nikainamia sidiria. Na nimekuona ukijishika hapo pembeni, ukitafuta chumvi ambayo kidole hakiwezi kuipata. Hakuna uvimbe, hakuna maumivu. Mwili wako haujakuambia chochote, picha ndiyo imesema, na mtoto ndiye aliyekutuma kwa hiyo picha. Nyumba imejaa kitu ambacho hakuna anayekiona. Tunapeana chumvi mezani na hatuangaliani.

Sijui kama nilikuokoa. Nilitaka kukuandikia kwamba najua. Wazazi kwenye barua huwa wanajua. Nimekaa hapa nikijaribu kuwa mama yako, nikuambie kwa sauti ile ya Kibuye, nenda, na wewe ungesema sawa Mama, ungekwenda, na ingekuwa rahisi.

Lakini sauti ile haikuwa yake. Hili ndilo nililokuwa nalikwepa na sufuria tupu. Sijawahi kumsikia Dani. Hajanijia ndotoni, hajaninong'oneza kitu. Siku ile Kibuye maneno nilitunga mimi, msichana wa kidato cha tatu mwenye sidiria mkononi, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka ile harufu uliyonisimulia na nikaogopa. Nilijua ukisikia "nilijificha" hutaweza kukataa. Nilichukua kidonda cha mama yako nikakitumia kukusukuma.

Kwa hiyo, ukiingia kesho kwenye basi kwa sababu Awino wa Luanda Kotieno amesema, utakuwa umebebwa na maneno yangu. Huko Nairobi, wakikulaza, ukiwa peke yako na dari ya watu, utanitafuta mimi wa kukuambia kwamba ni sawa. Nami nitakuwa hapa sijui. Sitaki uwe huko ukimtii mtu ambaye hayupo.

Ukibaki, nitafungua zipu ya begi, nitarudisha sweta msumarini, na sitakuuliza tena. Naahidi. Itanitesa, lakini sitauliza.

Lakini kama unaniuliza mimi, binti yako, si yule mwingine, basi nataka uende.

Sababu yangu si ya kitabuni. Ni ile ya kuhesabu. Nimeiwaza sana, nikiwa darasani mwalimu anaandika ubaoni na mimi nipo kaburini Luanda Kotieno. Labda wewe ni wa kwanza pale kwenye benchi, na Mungu akipenda utazeeka uwe mkali, uwatukane wajukuu mabega. Labda wewe ni wa pili, na picha haijakuongezea hata asubuhi moja. Hata hivyo kuna kitu imenipa. Zile siku ambazo Dani aliugua nyuma ya nyumba na maji yake, wewe hukupewa hata moja. Ulinyimwa. Ungemsugua mgongo. Ungegombana naye kuhusu dawa. Ungelala umechoka kwa sababu yake. Yeye alizibeba zote akasema ni samaki. Mimi zangu nimepewa mapema, zikiwa nyingi au chache, na nazitaka, hata hizi mbaya ambazo unageukia ukuta. Naogopa, ila naogopa nikiwa najua.

Na labda wewe ni wa tatu, na watakukata bure. Siku hiyo ikijulikana, kama inaweza kujulikana, nitakuomba msamaha nikiwa nimepiga magoti. Utanisamehe au utanichapa kwa sidiria. Yote mawili nitayapokea.

Nitakuambia ukweli mwingine, kwa kuwa huoni uso wangu. Nyumba hii naiogopa tangu leo. Mama Quinter amesema atakuwa anagonga ukuta kila asubuhi na mimi nigonge kujibu, ili ajue nimeamka. Nimekubali kama mtu mkubwa. Lakini alipotoka nilijaribu kugonga kidogo tu, kusikia itakavyokuwa, na sauti yake ilinifanya nikae chini. Ni sauti ya mtu mmoja. Nitalala kitandani kwako. Nitawasha redio yako kwenye ile stesheni ya mahubiri ambayo huwa nakuomba uizime. Jumamosi nitakwenda Kibuye, nitafungua meza, na mtu akipita mabega yamebanwa nitajaribu kumwita. Sijui kama sauti itatoka. Ikitoka, itakuwa yangu mwenyewe.

Wamemaliza. Nasikia Mama Quinter anakuambia, "Haya, simama nikuone. Umependeza mpaka daktari atasahau kisu." Nawe unamwambia akuache, una safari. Nasikia viatu.

Barua hii nitaikunja niiweke ndani ya sidiria yako nyeusi, ile uliyojichagulia siku ya kufungua mtumba ukakataa kuiuza. Utaisoma kesho asubuhi ukivaa, au utaiona ukiwa Nairobi, sijui. Natamani uione kabla ya mlango.

Kwa sababu kuna kitu nataka hapo mlangoni. Nilipokuwa mdogo nikapata malaria ile mbaya, ulikaa nami usiku kucha na kitambaa cha maji. Ulidhani nimelala. Siku zote mimi ni Mama, hata unaponigombeza ni Mama, lakini usiku ule uliinama sikioni ukasema, nyathina, nyathina. Mtoto wangu. Sijawahi kukuambia kwamba nilisikia. Nilifumba macho zaidi ili usiache.

Kesho ukishika begi, usiniite Mama na usiniulize kama uende. Niite vile ulivyoniita usiku ule, mara moja tu, kisha utoke. Nikisikia hivyo nitajua kwamba hakuna aliyekutuma, kwamba mama yangu ameamua mwenyewe kupanda basi, na mimi ni mtoto wake nimeachwa nyumbani nimngoje.

Kungoja naweza.

Mtoto wako,
Awino